Mawe Kando ya Jiko

Bulyaga, Tukuyu
4 Machi 2024

Kwako Baba Mkwe,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Tangu Krismasi kalamu naiona, ila mtoto akilala na mimi nalala. Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, isipokuwa Lusungu kateleza tena kwenye tope la kando ya jiko. Safari hii kashonwa mdomo.

Nataka pale tusakafie kwa mawe, toka mlangoni mpaka bombani. Fundi Meshaki yuko tayari. Shida ni ule waya wa umeme wa jikoni na mpira wa maji, ulivyofukia mwenyewe juu juu. Mwanao Lukasi nimempigia huko Chunya, hakumbuki vinapita wapi. Njoo utuonyeshe kabla mtu hajapiga sururu akafa. Najua mila haituruhusu kuonana wala kusemeshana, lakini karatasi haina uso.

Jirani yako Anyosisye atakuletea hii akirudi kutoka sokoni.

Mkweo,
Mama Lusungu

Suma
10 Machi 2024

Mama Lusungu,

Ugonile, mwanangu. Kifua kinakohoa kwa mazoea tu. Babu zako walikanyaga tope wakazeeka, lakini mdomo wa mjukuu wangu si wa kushonwa shonwa. Nitakuja Jumamosi. Waya ule niliulaza mvua inanyesha, nina njaa, kwa hiyo usimwamini aliyeufukia. Nitautafuta mwenyewe. Wewe jifungie ndani. Nikimaliza nitagonga bati, niondoke, ndipo utoke.

Baba Mkwe

Bulyaga
17 Machi 2024

Baba Mkwe,

Natumaini ulifika salama. Uliondoka bila chai, ndizi zikabaki sufuriani.

Nikueleze, maana jana hukunipa nafasi. Ulianza kuchimba umeme umekatika mtaa mzima. Mimi ndani nanyonyesha, mara taa ikawaka juu ya kichwa changu. Nikakuita dirishani, "Baba, umeme umerudi, acha." Uliposikia sauti ya mkwe ukafanya ulivyolelewa: ukanigeuzia mgongo, ukavuta koti kichwani, ukaendelea kuchimba bila hata kutazama unapopiga. Ningefanyaje? Nilitoka nikashika mpini, tukaonana uso kwa uso.

Meshaki kaufukua waya. Ngozi yake imechanika, shaba iko nje, kiganja kimoja tu toka ulipokuwa unapiga. Ameuingiza kwenye paipu na kuushusha chini, mpira wa maji nao.

Kwa kukuona, naomba radhi. Kwa kushika mpini, siombi. Ukikataa kuja tena nitaumia, lakini nitaumia wewe ukiwa hai.

Mkweo,
Mama Lusungu

Suma
21 Aprili 2024

Mama Lusungu,

Ugonile. Anyosisye anasema kila akipita unamuuliza kama nimekasirika. Sikukasirika. Siku ile niliikimbia chai yako kwa sababu niliogopa, na sikutaka unione hivyo, kana kwamba hujaniona vya kutosha.

Nimekaa na wazee wenzangu. Andongwisye akasema, "Mkweo kavunja mwiko." Nikamwambia, "Ndiyo, na wewe ungekula wali wa msiba wangu." Akacheka mpaka akakohoa. Wamekubali nije na jogoo, tule sahani moja, na kuanzia hapo tusifichane tena.

Mawe yamefika wapi? Sema unachotaka toka huku. Gari la ndizi linashuka Alhamisi.

Baba yako

Bulyaga
28 Aprili 2024

Baba,

Ugonile nawe. Barua yako nimeisoma nimesimama, mtoto mgongoni, maharage yakaungua. Tumeyala hivyo hivyo.

Mawe yamefika nusu. Lusungu anashinda hapo, kuingia ndani hataki. Bado nahitaji:

Mawe bapa ya mtoni ya kumalizia upande wa bomba. Ya duara usilete, yanabingirika.

Mchanga viroba vitatu, usio na majani.

Jogoo awe mnene. Wa huko kwenu wanatembea sana.

Blanketi lako, maana hutarudi siku hiyo hiyo.

Na kigoda chako, kile unachokalia mwenyewe. Kitabaki huku.

Binti yako,
Tulia