Matoka Yangu Bado Yako Kikapuni

Ijumaa, 14 Novemba. Mwaka mmoja na miezi minane tangu niondoke Gachoka. Jua la Muscat leo ni zuri, halichomi kama la Julai, lakini sina raha.

Niseme ukweli: mji huu naupenda. Siku sita nabeba matofali huko jangwani, ya saba napanda basi la kampuni nakuja. Natembea kando ya bahari, nanunua maji ya embe, naketi ukutani miguu ikining'inia. Hapa hakuna anayenituma.

Lakini nikilala sioti Muscat. Naota ndengu zetu na vumbi la kwetu.

Oktoba likizo yangu ilifika. Kirimi, rafiki yangu wa Kianjai anayefanya kazi hapa mjini, akaniambia, "Wewe mtu wa Mbeere, unakimbilia wapi? Joto ndiyo linaisha. Kaa kwangu tule maisha."

Nikakaa.

Siku ya nne baba akapiga simu. Mvua imeshuka, anataka kutugawia shamba mimi na ndugu yangu Njue. Kwetu baba anakuonyesha mpaka, na wewe mwenyewe unapanda matoka, yale maua ya mpaka ambayo hakuna mtu anayethubutu kuyang'oa. Nikamwambia kampuni imeninyima likizo.

Nilimdanganya baba nikiwa na mchanga wa bahari kwenye vidole vya miguu.

"Basi nipandie, mzee."

"Nikupandie? Na ugali pia nikulie, wewe ushibe?"

Akacheka. Na mimi nikacheka.

Leo asubuhi Njue amenipigia. Matoka yake yameshika. Yangu yako kikapuni, kwenye kivuli cha ghala, na baba amekataa mtu kuyagusa. Anayamwagia maji mwenyewe, ila siku hizi maji mengi yanaanguka kando. Jicho lake la kushoto limekwisha. La kulia daktari hakuahidi kitu.

"Na ile kona ya chini ya mpaka wako ni yeye tu anaijua," Njue akasema. "Hiyo kampuni yako haina huruma, ndugu yangu."

Kirimi alininunulia maji ya embe, yakapata moto mkononi.

Halafu nikampigia baba. Nikamwambia sikunyimwa likizo, nilikaa tu.

Akauliza:

"Huko ni kuzuri?"

"Ni kuzuri, baba."

"Basi utanisimulia tukipanda. Jembe lako liko."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Msimamizi ameshaniandika likizo nyingine. Wiki ya mwisho ya Machi, mvua ikianza, nitakuwa Gachoka. Kama jicho la kulia litakuwa limeenda, nitamshika mkono tushuke hadi ile kona, aitafute kwa miguu yake.