Maelezo Kuhusu Maikrofoni Iliyokutwa Chini ya Roshani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kazini naitwa Winchi. Jina la kitambulisho afande ameliandika kwenye jalada.
Umri: Miaka 43
Kazi: Kibarua wa ukumbi wa muziki. Nabeba viti, majukwaa na piano.
Makazi: Chumba namba 6, mabweni ya wafanyakazi nyuma ya ukumbi. Kwetu ni mbali, siku mbili kwa basi.
Elimu: Darasa la tano
Tarehe ya maelezo: Jumatatu tarehe 16, saa 3:10 asubuhi

Nimekuja hapa kituoni mwenyewe, sikuitwa. Nimemwomba afande niseme nikiwa nimesimama, maana tangu Jumamosi nikikaa miguu inacheza yenyewe.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa tano asubuhi, nilikuwa napanga viti ukumbini kwa ajili ya onyesho la okestra la saa kumi jioni. Akaja fundi wa kurekodi, mtu nisiyemjua. Nilitegemea gari la vyombo. Yeye alikuwa na begi moja la mgongoni. Ndani mlikuwa na kinasa sauti kinachoenea kiganjani, maikrofoni mbili, waya, na stendi ambayo mguu mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamuuliza, "Kaka, wenzako wamebaki wapi?" Akanionyesha betri zake, akasema, "Wenzangu ndio hawa, na wawili hawajisikii vizuri." Tukacheka.

Alinieleza kuwa dada yake mkubwa ndiye anayepiga fidla kubwa, ile inayoshikwa kati ya magoti. Vidole vya dada huyo vimeanza kufa ganzi na Alhamisi hii anapasuliwa mkono. Madaktari hawakumwahidi kitu. Ndiyo maana alitaka onyesho lile alinase vizuri, hata kwa vyombo vya kuungaunga.

Aliniomba nizunguke ukumbi mzima nikipiga makofi, yeye akisikiliza kwa spika za masikioni ili ajue sauti inakaa wapi. Mama wa makoti, anayepokea mizigo ya wageni mlangoni, akanitania, "Winchi, unajipigia makofi mwenyewe? Umepandishwa cheo?" Tulipomaliza, fundi alisimamisha stendi katikati, mstari wa nne, zile maikrofoni mbili zikiwa juu yake. Saa tisa na dakika ishirini akaniambia, "Usiiguse. Nafuata betri."

Alipotoka, mafeni yakawashwa. Feni ya katikati inanguruma. Mgeni hawezi kuisikia, lakini mimi nimeburuta viti chini yake miaka minne, najua kila mahali kiti kinaliaje. Nikaona itamharibia kazi. Niliinyanyua stendi mimi peke yangu, nikaisogeza hatua saba kushoto, chini ya roshani ndogo, mahali ambapo hakuna feni. Roshani ile haikaliwi. Kwa miaka yote hiyo nimepandisha viti pale mara moja tu, nikavishusha na vumbi lake.

Fundi alirudi saa kumi kasoro dakika tano. Akauliza kwa ukali, "Nani kagusa?" Nikasema, "Mimi. Feni inanguruma." Akavaa spika, akafumba macho. Kisha akasema, "Una masikio wewe. Iache." Taa zikazimwa hapo hapo. Kwamba mwenyekiti wa ukumbi na meneja wetu waliingia roshani gizani, mimi sikuona, na fundi alikuwa ameinamia mashine yake.

Katika kipande cha pili dada yake alipiga peke yake, polepole. Fundi akavua spika akanivisha mimi. Afande, muziki ule nimeusikia miaka minne nikiwa nje ya mlango, kama mvua inayonyesha kwa jirani. Safari hii nilisikia kidole kikiteleza kwenye uzi. Nilisikia yule dada mpigaji akivuta pumzi. Halafu ikaingia sauti ya mwenyekiti, karibu kama ameniegemea begani: "Mwisho wa mwezi vibarua wote nje, na mabweni yafungwe. Usiwaambie mapema, watatuharibia vitu." Meneja akajibu, "Sawa, mzee."

Nilimrudishia fundi spika. Aliona macho yangu yamelowa, akadhani ni muziki, akanipiga bega. 

Wakati wa mapumziko, saa kumi na moja kasoro robo, niliwaambia wenzangu watano stoo. Wakamfuata meneja kwenye korido. Mmoja akamwuliza, "Tuharibu nini? Viti tunavyovibeba wenyewe kama watoto?" Meneja akataka kujua nani kasema. Hakuna aliyenitaja. Akarudi ukumbini, akaiona stendi chini ya roshani, akapiga simu.

Askari wawili walifika saa kumi na moja na dakika tano. Walimshika fundi kwa madai ya kutega maikrofoni asikilize siri za watu. Aliulizwa nani aliiweka pale. Alinitazama mara moja, kisha akatazama chini. Akasema, "Mashine ni yangu." Hakuongeza. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake, nimeshika kiti. Sikukiweka chini na sikufungua mdomo. Dada yake alitoka nyuma ya jukwaa akauliza, "Mdogo wangu anapelekwa wapi?" Askari wakampita, wakamleta fundi hapa kituoni. Nusu ya pili haikuchezwa.

Jana Jumapili nilifika geti la kituo hiki mara tatu, nikageuka mara tatu. Jioni mke wangu alipiga simu. Akasema, "Baba watoto, mbona unahema, unakimbizwa na nani?" Nikamweleza yote. Akasema, "Kaseme. Usije kutuletea huku hayo macho ya kutolala."

Kwa hiyo aliyesogeza ni mimi. Aliyesikia ni mimi. Aliyepeleka maneno stoo ni mimi. Fundi alinikataza kugusa, na yale maneno hakuyasikia mpaka alipokamatwa. Afande ameniuliza kwa nini nimekaa siku mbili. Niliogopa kukosa kazi na pa kulala. 

Naomba muziki usifutwe. Kama lazima kufuta, yafutwe maneno ya mwenyekiti. Sisi tumeshayashika.

Nimeyasema haya kwa kinywa changu, sikusukumwa, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: Winchi

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya na amekubali ni yake. Nimemweleza kwamba meneja, aliye mlalamikaji, atapewa nakala. Amesema anajua. Amekataa kiti kwa mara ya nne. Ameuliza kama fundi amepewa chai tangu asubuhi. Nimemjibu kuwa bado. Ameomba aipeleke yeye mwenyewe, nikamruhusu. Yamefungwa saa 5:20 asubuhi.