Pipa Lililoning'ata Mdomo

Kulesa,
kupitia Posta ya Garsen.
11 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Zadock,

Ni mimi mjomba wako Barnabas Dado, miaka sabini na tisa, na meno mengi ningali nayo. Nimepita mafuriko ya sitini na moja, nimepita mvua za Elinyo, nimepita ukame uliomaliza ng'ombe, nimepita mamba aliyenishika kisigino pale kivukoni. Yule daktari aliyesema sitafika Pasaka, tulimzika yeye kabla ya Pasaka. Nakwambia haya mapema ujue anayekuandikia si mtu wa kutishwa na waya.

Hujambo huko Katari? Joto mnalivumiliaje? Lavender hajambo? Mtoto ameanza kutembea au bado anajikokota kwa makalio kama ulivyofanya wewe? Sisi hatujambo. Mama yako hajambo, ni miguu tu inamsumbua akikaa sana. Ndizi zimebeba vizuri. Mto umeshuka, na kando yake ni matope matupu, mnyama akiingia hatoki.

Sasa. Juzi ulinikatia simu. Mimi niliyekufundisha kuogelea! Ulisema, "Mjomba, mambo ya stima waachie waliosomea," ukaniamuru niwashe, ukakata. Sikuwasha. Hata leo stima ya nyumba yako imezimwa, sanduku la breka za kukatia stima nimelifunga kwa kufuli la ghala langu, na ufunguo uko shingoni mwangu kwa kamba. Nalala nao.

Najua shemeji yako Martin alikuwahi kwa simu. Alikwambia nimezeeka, naogopa stima. Mimi niliyewasha injini ya pampu ya shamba la Hola miaka yote ile, mashine kubwa kama kanisa, inaunguruma mpaka vikombe vinatembea mezani! Basi sikiza na upande wangu, na usome mpaka mwisho, maana kwangu kuandika ni kazi kama kulima.

Duba unamjua, Muorma mwenye ng'ombe weupe. Tangu uchimbe kile kisima, ng'ombe wake wanakunywa kwenye lile pipa letu la chuma lililopasuliwa katikati, naye humletea mama yako maziwa kila asubuhi. Mapatano hayo hayakuandikwa na mtu. Yanakaa tu, na kwa sababu yanakaa, sisi tunalala.

Martin alipomaliza kuweka stima, mwezi uliopita, alijipiga picha mbele ya sanduku kama mtu aliyeua simba. Pampu ya kisima ikaunganishwa, friji ikaunganishwa, tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, sikatai.

Wiki hiyo hiyo ng'ombe wakakataa maji. Wanakuja wana kiu, ulimi nje, wanashusha mdomo kwenye pipa, halafu wanaruka nyuma wote kama waliochapwa. Kesho tena hivyo. Mmoja mweupe mwenye pembe moja akawa hata kukaribia hataki, anasimama mbali analia.

Maziwa yakakoma. Sijui kama unaelewa uzito wa neno hilo, wewe unayenunua maziwa ya pakiti. Duba alikuja na ndugu zake, fimbo mabegani, wala hawakusalimu. Duba asiposalimu, mimi nahesabu wajukuu wangu wako wapi.

Akasema, "Barnabas, hii maji mmetia nini?"

Nikamwambia, "Tumetia maji."

"Ng'ombe yangu si mjinga. Kama hamtaki sisi hapa, sema kwa mdomo. Usiseme kwa sumu."

Mwanangu, neno hilo likisemwa hapa kwetu halichezewi. Miaka ile mibaya kati ya wakulima na wafugaji unaikumbuka, ulikuwa tayari na akili zako, na mimi sitaki kuiandika kwenye karatasi hii. Mama yako alikuwa mlangoni, nikamwona ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Kunywa wewe kwanza," Duba akasema.

Nikachota kwa kikombe cha plastiki, nikanywa mpaka chini, nikakigeuza waone. Mmoja wa ndugu zake akasema, "Ng'ombe hainywi na kikombe, mzee."

Basi mimi nikakasirika. Nikavua kandambili, nikaingia kwenye matope, nikashika magoti yangu, nikainama nikaweka mdomo kwenye chuma kama ng'ombe. Pipa likaning'ata! Nakwambia ukweli, likaning'ata mdomo mpaka nikakaa kwenye matope. Kofia ikaanguka ndani. Mimi ndiye mtu wa kwanza Kulesa nzima kung'atwa na pipa, na katika umri huu.

Wakacheka. Duba alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Halafu akavua na yeye, akaingia, akaligusa kwa kidole kilicholowa, akaruka akapiga kelele kwa Kiorma maneno ambayo nayajua lakini siyaandiki. Hapo akanigeukia na uso mwingine kabisa. "Barnabas, si sumu. Ni ile stima yenu." Nikamwambia nilijua tangu mwanzo. Akaniambia mimi ni mwongo. Tukaenda kukaa.

Martin tulimwita, akaja na pikipiki, amevaa gambuti nzito za mpira. Akaligusa pipa. "Hakuna kitu, babu. Ni mawazo."

Nikamwambia, "Vua viatu."

"Matope haya?"

"Ng'ombe anavaa gambuti? Vua!"

Hakuvua. Nakuapia kaburi la dada yangu mkubwa, hakuvua. Akapanda pikipiki, akasema kama ng'ombe hawataki maji wapelekwe mtoni. Na hapo mama yako akasema jambo alilolificha. Kumbe bomba la uani lilikuwa linamchoma vidole tangu stima iingie, alimwambia Martin, na Martin akamjibu ni presha. Presha! Amwambie hivyo mama wa watu, aliyesimama miguu mitupu kwenye saruji iliyolowa! Nilitema mate pale pale, na nikiandika hapa natema tena.

Nikatuma watu Hola wakamlete Abdia, yule msichana fundi mwenye cheti, anayefanya kazi za stima huko. Nilitaka mwanamume, sifichi, lakini ndiye aliyekuja. Akafungua sanduku. Zadock, nimewahi kupasua mbuzi aliyekufa siku tatu, na sikupata kinyaa kama kile. Nyaya zimesokotwa kama matumbo. Wa bluu ulipomwishia akatumia wa kijani, wa kijani ulipokwisha akatumia wowote. Waya mwembamba wa taa ameufungia breka nzito ya jiko, isiyoruka hata waya ukiungua.

Abdia akanieleza, nami nikaelewa mara moja. Waya wa nyutro ndio njia ya stima kurudi nguzoni ikishafanya kazi. Waya wa kwenda ardhini hauna kazi ya kila siku, unangojea ajali tu. Kila mmoja una kipande chake cha shaba ndani ya sanduku. Martin amebananisha zote kwenye kipande kimoja, na nyutro ya kutoka nguzoni ameiacha imelegea, inacheza ukiishika. Basi pampu au friji ikiwaka, stima inakosa njia nzuri ya kurudi, inateremka na ule waya wa ardhini mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa chini. Na fimbo hiyo ameipiga wapi? Kando ya pipa! Kwingine udongo ni mgumu kama matofali, pale ng'ombe wamelainisha. Uvivu mtupu. Imeegemea chuma cha pipa kama mlevi.

Na bado. Ile breka yenye kitufe cha kujaribia, inayokata stima ikivuja, uliyoinunua kwa pesa yako, haimo. Mama yako anasema ilikuwa ikiruka kila mara, Martin akasema ni mbovu, akaitoa. Abdia akatikisa kichwa. "Babu, haikuwa mbovu. Ilikuwa inawaambia." Nusura niangushe bakora.

Kwa hiyo nilizima mimi, si mwingine. Jioni hiyo ng'ombe wakanywa, hata yule wa pembe moja. Asubuhi maziwa yakaja. Friji ya mama yako imekufa na soda zake zina moto, ananinunia kidogo, lakini anafungua bomba bila kuogopa.

Sasa Martin ametangaza kwamba Ijumaa anakuja na msumeno akate kufuli, eti kwa amri yako. Nipe neno lako kabla ya Ijumaa: Martin asiguse, Abdia atoe vyote aanze upya. Najua ni kaka wa mkeo, na Lavender atanuna. Anune. Akiwasha, ng'ombe wataruka tena, na safari hii Duba atasema tulijua na tukawasha makusudi. Hapo hata mdomo wangu hautasaidia.

Na ukiamua kumwamini yeye, basi siku utakayokuja, kabla hujaingia ndani, vua viatu vyako vya Katari, ingia kwenye matope, uinamie pipa unywe kama nilivyokunywa. Ukiinuka na mdomo mzima, nitakuomba radhi mbele ya kijiji, na ufunguo nitakuvika shingoni mimi mwenyewe.

Msalimie Lavender, hata akinuna. Mbusu mtoto. Mama yako anasema ule vizuri. Duba naye anakusalimu, anasema kisima chako ni kizuri, fundi wako ni takataka. Mungu akulinde katika nchi ya watu, akurudishe ukiwa mzima miguu na mikono. Abdia ataipiga picha barua hii akutumie leo leo, karatasi itafuata kwa posta.

Ndimi mjomba wako anayekupenda hata ukimkatia simu,
Barnabas Dado

Ukitaka mashahidi: Duba aliliona pipa na akaligusa. Abdia alifungua sanduku. Mama yako ana vidole vyake. Na Martin pia anaweza kushuhudia, siku atakayokubali kuvua viatu.