Mama Sasa Anakuona

Sekei, Arusha

Dada Anande,

Shikamoo. Habari za baridi ya Ujerumani? Nimeona niandike, maana kwenye simu Mama husikia kila neno.

Huku mvua zimeanza vizuri. Wanafunzi wangu wa Kiswahili wa mtandaoni hawalalamiki tena kwamba nakatikakatika. Kumbe ruta ilikuwa imejificha nyuma ya kabati la chuma! Nimeitundika ukutani sebuleni, na chumbani kwa Mama nimeweka kifaa kidogo cha kuongeza nguvu ya mtandao.

Kuna jambo sikukuambia. Tangu kiharusi kimnyang'anye sauti, kila picha yako ilipoganda kwenye simu ya video Mama alidhani umemkasirikia. Aligeukia ukutani, akakataa uji.

Jumapili picha haikuganda. Ulipocheka, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ulipoaga, akanishika mkono, akahangaika na midomo hadi sauti ikatoka: "Ana..."

"Mama, unamwita Anande?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka.

Ukipiga tena, usimsaidie kulimalizia jina lako. Mpe muda. Mtandao haukatiki.

Mdogo wako akupendaye,
Rodrick