Racine ya Mbili Inakaa Wapi?

Siku ya kwanza, 7/5/2001
Prof Malachie wa hesabu amekwama Beni. Barabara imefungwa, basoda na bunduki yabo banapigana. Préfet, mukubwa wa shule, aliingia sixième yetu, darasa ya mwisho, hapa Butembo: kama hakuna mutu wa kufundisha batoto ba troisième, darasa ya tatu, hesabu, atabarudisha kwao. Mukono yangu ilipanda yenyewe! «Wewe, Joyeuse?» «Mimi, Monsieur le Préfet.» Mungu wangu. Kesho!

Siku ya pili, 8/5
Nimefundisha! Nilibaambia kila namba iko na jamaa yake. 5 ni naturel, ya kuhesabia bitu. −5 hapana, yeye ni entier, namba nzima tu. 3/4 ni rationnel, juu inaandikika fraction, namba moja chini ya ingine. Na racine ya mbili, ile ukizidisha na yenyewe inatoa 2 — irrationnel, fraction yake hakuna kabisa. Balikuwa banaita namba toka bancs zote, mbele mpaka nyuma!
Kisha Victoire, musichana mwenye alikimbia vita Mbau, alisimama na calculatrice, mashine ya hesabu, ya baba yake mudogo: «Inasema 1,4142136. Inaisha! Donc ni fraction, 14142136 juu ya 10000000.» Darasa lote: ndiyo! Nilisema kesho.

Siku ya tatu, 9/5
Nimepata!!! Asubuhi, nikitwanga sombe, majani ya mihogo. Kama inaisha, iko na chiffre, tarakimu, ya mwisho nyuma ya koma, yenye hapana zéro. Uizidishe na yenyewe — 6 mara 6, 36; tena 5 mara 5, 25 — mwisho hapana zéro hata siku moja. Donc haiwezi kutoa 2 kamili! Nilicheka peke yangu. Mama: «Joyeuse, uko muzima?»
Victoire alizidisha mwenyewe ku ubao. 2,0000001 na mukia murefu! Aliangalia calculatrice sawa mutu mwenye alimudanganya.

Siku ya ine, 10/5
Masasi inalia. Upande wa soko. Préfet alipita: wote chini, hakuna kutoka! Naandikia chini ya banc. Vumbi ndani ya pua. Victoire ananivuta shati. Nilifikiri analia.
«Yaya Joyeuse, dada yangu. 1/3 haiishi, 0,333…, mais bado ni fraction. Kama chiffre za racine ya mbili zinarudilia vile vile bila mwisho?»
Iko na raison, amesema kweli! Sikumaliza kazi, nilionyesha tu kama haiishi!
Namuambia: «Acha kwanza.» Mais bichwa bya batoto binainuka, banc kwa banc. «Inarudilia?» «Hapana!» «Yaya, onyesha!»
Nasema: teremusheni bichwa! Masasi tena, mbali kidogo. Ngoja — tuseme ni fraction, ile yenye kufupishwa mpaka mwisho… ya juu ni pair, inagawanyika na mbili… basi ya chini pia — ingefupishwa tena, haiwezekani! Naiona! Chaki iko kule, chini ya ubao. Naacha daftari, natambaa kuichukua nibaonyeshe.