Mbao Ulizopasua Mwenyewe, Papa Lusenge

Mwaka umetimia, Papa Lusenge, tangu ugonjwa wa kifua ulipokuchukua pale Beni, nasi tumechoka. Tunakuandikia kutoka Butembo, maana tumekimbia tena. Vita havikuisha kama ulivyotuahidi.

Ulikuwa mvuvi wa Kyavinyonge, kando ya ziwa. Askari walipouchukua mtumbwi wako, ulituleta Beni, ukaapa kutengeneza mwingine na kuturudisha ziwani. Bei ya mbao ilikushinda. Basi ukawa unaomba magogo yaliyopinda, yale ambayo wafanyabiashara wa mbao wa Eringeti waliyakataa, unayapasua kwa msumeno wa mkono nyuma ya nyumba. Ulitoa vipande vyembamba, virefu, vya kupigiliwa kimoja juu ya kingine mpaka viwe ubavu wa mtumbwi.

Majirani walikucheka. «Lusenge anasuka kitunga, hapana mutumbwi!» Ukawajibu bila kuinua kichwa: «Mbao ya kununua itakula chakula ya batoto. Hii inakula mikono yangu tu.» Na kweli iliila. Kila jioni mkeo, Mama Kyakimwa, alikupaka mafuta ya mawese viganjani.

Mbao hizo ulizikausha chini ya vitanda vyetu, ukazikandamiza kwa mawe zisipinde. Binti yako Rébecca alijigonga vidole vya miguu huko mpaka akazoea. Vumbi la mbao tulilinywa katika chai. Lakini maranda ulimpelekea Mama Vagheni, mjane wa jirani, awashie moto, na hukuwahi kumnyima mtu msumeno wako, hata yule aliyeurudisha bila meno. Tunaicheka hiyo bado, siku tukiwa na nguvu ya kucheka.

Ulipotuacha, mbao zilikuwa zimetosha. Mwanao Michée alikuwa akitafuta gari la kuzipeleka ziwani. Ndipo risasi zikaanza tena, na Mama alikuwa na malaria kali, hawezi hata kusimama. Magari yote yalikuwa yamekwisha kuondoka. Michée akaingia chini ya kitanda, akatoa mbao ndefu, akazifunga mafungu mawili, akakaza blanketi katikati.

Mama akalia: «Hapana, Michée! Ile ni mutumbwi ya baba yenu! Muniache hapa.»

Hatukumwacha. Tulimbeba kwenye kipoyi hicho, machela ya mbao zako, hadi Butembo, tukipokezana, mvua ikinyesha na matope yakituvua viatu. Mbao zilivunjika moja moja njiani. Zilizobaki Beni, tumesikia askari wamezipikia.

Papa, ule mtumbwi hautakuwepo. Ziwani hatujui kama tutarudi, na tunaona uchungu kukuambia hivyo. Lakini Mama amekaa uani anachambua maharagwe, na asubuhi hii ametugombeza sote kwa sababu chumvi imekwisha.

Wanaokukumbuka: mke wako Kyakimwa, watoto wako Michée, Rébecca na Jemima, mdogo wako Nzanzu pamoja na jamaa wote wa Butembo na Beni.

Hata tukichoka namna gani, Papa, hatutakusahau.