Tikiti za Siku Tatu na Misa ya Nyangezi

Jumapili, siku ya Mungu. Katikati ya mwezi wa saba.

Kiangazi kimekamata Bukavu. Tangu tutoke misa ziwa halionekani muzuri, kuko vumbi na ukungu tu, na hapa kwetu Nguba kila mutu anakohoa. Moyo wangu nusu inacheka, nusu inaogopa. Nimekaa ku meza ya kulia, telefone iko mbele yangu, na leo, kabla ya saa kumi na mbili ya jioni, ilikuwa lazima nijibu kitu.

Ni jambo la tikiti. Unaweza kunicheka, shajara yangu, lakini tangu Jumanne sijalala muzuri sababu ya tikiti za kwenda kupanda toboggan.

Niseme tangu mwanzo. Mudogo wangu Espérance anaishi Kigali, na alitualika tuende kwake wakati wa congé, ile likizo ya watoto. Kule kuko parc moja ya michezo: gurudumu kubwa ya kuzunguka, toboggan za maji, zile za kuteleza, na treni ndogo ya watoto. Watoto wangu watatu wanaijua ile parc kuliko katekisimu. Aganze, miaka kumi na tatu, anajifanya mukubwa, eti ile ni michezo ya watoto, lakini yeye njo alinieleza kwamba gurudumu haizunguke mvua ikinyesha. Nsimire, miaka tisa, alishaandika mu kahie yake watapanda nini mbele na nini nyuma. Iragi iko na miaka tano. Yeye anataka treni tu, asubuhi mpaka jioni.

Tikiti ziko za namna tatu. Kuko ya siku moja. Kuko ya siku mbili huru, unaingia siku yoyote unayotaka mu wiki. Na kuko ya siku tatu za kufuatana: unaandika siku na majina mapema, na ukishalipa haibadilike tena, ukuje ama usikuje.

Mutu mwenye akili angechukua zile mbili huru. Mimi nilichagua zile tatu, zile za kufungwa. Na nilifanya makusudi.

Kazi yangu ni kupanga horaire, ratiba ya masomo. Niko directrice des études, mukubwa wa masomo, mu lycée moja hapa mujini. Mwalimu wa hesabu yenye hapendi saa ya mwisho, mwalimu wa dini yenye anafundisha mashule mawili, wote ninawapatia fasi yao na hawagongane. Kuko mutu mumoja tu yenye sijawahi kumuweza, na huyo ni bwana yangu.

Papa Aganze anatumika Luhwindja, anajenga mabomba ya maji mu vijiji. Wiki sita iko kule, siku nane iko nyumbani. Ukisikia siku nane unasema ni nyingi. Ngoja nikuambie. Siku ya kwanza analala. Ya pili wageni wanajaa: binamu, mutu wa chama, mutu wa parokia yenye tangi yake inavuja. Kisha siku tatu Nyangezi kwa mama yake, sababu yeye ni muzaliwa wa kwanza na kule hakuna kitu kinaamuliwa bila yeye. Zenye zinabakia anatembea soko ya Kadutu kutafuta vipande vya mabomba. Watoto wanamuona akipita.

Sasa unaelewa. Siku huru? Mu familia yetu siku huru ni siku ya wageni. Nilitaka siku zenye hata askofu akija atakuta zimefungwa na kadenasi.

Na kuko kitu kingine, kile chenye kilinichoma. Mu congé yake iliyopita Papa Aganze alifika saa sita ya muchana. Iragi njo alikimbia kufungua mulango. Akamuangalia, akageuka, akaniita kwa sauti kubwa: "Maman, tonton mumoja amekuja!"

Tonton, eti mujomba, baba yake mwenyewe! Tulicheka wote. Papa Aganze alicheka pia. Kisha mimi niliingia mu chumba eti ninatafuta kitenge, nikalia.

Basi Jumanne hii, niko ku shule, réseau ya telefone iko muzuri, nikamuandikia Espérance: atuwekee siku tatu za kufuatana, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi ya wiki yenye inakuja, Papa Aganze akiwa nyumbani, watu tano. Akanijibu: "Ya Odile, dada yangu, umemuuliza shemeji?" Nikamwambia ndiyo.

Nilimuongopea mudogo wangu.

Jumatano jioni Papa Aganze akapiga simu. Kule, kupata réseau, lazima apande kilima nyuma ya kanisa, kwa hiyo anazungumuzaka mbio mbio. Akasema: "Mama ameweka misa ya muzee Jumamosi ya wiki yenye inakuja, saa ine, Nyangezi. Utayarishe watoto." Nikasema sawa. Simu ikakatika, na mimi nikabaki nimesimama mu jikoni, kijiko mu mukono.

Baba mukwe wangu alikufa mu mwezi wa saba. Kila mwaka tunamuombea misa mu mwezi wa saba. Sasa mutu yenye anapanga horaire ya shule nzima atasema alisahau? Sikusahau. Sikutaka kuuliza ni siku gani, sababu nilijua jibu inaweza kuniharibia mambo. Leo asubuhi niliungama kwa padri, nikasema nilikosa heshima kwa wazazi. Toboggan sikuitaja.

Jana Jumamosi nikafunga sukari, chumvi na sabuni mu kitenge, nikaenda Nyangezi peke yangu. Njia nzima nilikuwa ninapanga maneno. Nilimukuta mama mukwe wangu nyuma ya nyumba, anapepeta maharagi. Akafurahi kuniona, akaniletea kiti, na yale maneno yote yakanitoroka.

"Mama," nikasema, "nimekuja kukuomba kitu ya haya. Ninaomba usogeze misa ya muzee."

Hakuacha kupepeta. "Kuko mugonjwa?"

"Hapana, Mama. Kuko fasi moja ya michezo."

Mungu wangu! Kusikia neno michezo ikitoka mu kinywa yangu, na kaburi ya muzee iko pale pale nyuma ya migomba! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kueleza, nikachanganya gurudumu na treni na maji, kama mwanafunzi yenye hakusoma somo yake. Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo lenye sikulingojea.

"Hiyo gurudumu, mutu anapanda peke yake?"

"Hapana. Wanakaa muzazi na mutoto, pamoja."

"Siku tatu?"

"Siku tatu, Mama."

"Na huyu mwana wangu atakuwa pale? Kazi haitamuita?"

"Atakuwa pale. Tikiti ikishalipwa, hawezi kutoka."

Akaweka lungo chini, akapangusa mikono. "Bwana yangu alitumika mbali, Kamituga, mpaka akazeeka," akasema. "Akikuja na sukari na bitenge, batoto banajificha mu migomba. Banamuogopa. Alikufa anajua majina yabo yote, lakini hakujua nani anapendaka nini." Akachukua tena lungo. "Padri nitamuona mimi. Tutaweka Jumatatu yenye inafuata, ile misa ya asubuhi, mukishatoka kule. Marehemu haendi fasi yoyote."

Nikaanza kulia. Yeye akaanza kucheka. "Na Jumatatu batu ni bachache," akasema, "hata kasiksi, ile pombe ya ndizi, itatosha."

Lakini nilipoinuka kwenda, akanishika mukono, na hapo hakucheka. "Bwana yako, umwambie wewe mwenyewe ulichofanya. Mimi sitakufunikia."

Ninaandika hii na haya. Miaka kumi na ine nilimuona ule mama kama mutu yenye ananiibia siku tatu kila congé. Sijawahi kuuliza kama yeye pia alikuwa anangojea mutu. Nilirudi Bukavu na mukungu ya ndizi ku magoti, ninajisemea: Odile, wewe na akili zako zote za diplome.

Leo, kiisha misa, Papa Aganze akapiga simu. Niliwatuma watoto kwa jirani, nikafunga mulango, nikamwambia yote: siku tatu, uongo kwa Espérance, mama yake, misa. Kule kilimani upepo ulikuwa unavuma.

"Maman Aganze," akasema pole pole, "mimi siko mwanafunzi yako."

Nilikuwa na majibu mengi. Ninayo tangu miaka. Majibu yenye kupangwa muzuri, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikayameza.

"Uko na haki," nikasema. "Bado hatujalipa, Espérance anangoja jibu mpaka jioni. Tunaweza kuchukua zile mbili huru, ama hata ya siku moja. Chagua wewe."

Hujui vile ilinigarimu kusema yale maneno mawili, chagua wewe. Hapo nikamwambia na kile chenye nilikuwa sijamwambia, kwamba tangu Iragi amuite tonton sina amani.

"Unafikiri sikusikia?" akauliza.

"Ulicheka."

"Ungetaka nifanye nini mbele ya batoto? Nilicheka. Kisha nikaenda kutengeneza robinet ya maji ya jikoni."

Nikakumbuka. Siku ile, mbele hata ya kula, alichukua kifunguo ya mabomba akaenda akafungua ile robinet, akaifunga, akaifungua tena, karibu saa nzima. Na mimi nilikasirika, nikasema angalia huyu mutu, amefika sasa hivi na anakimbilia tena mabomba. Ile robinet haikuwa inavuja.

Ku simu Papa Aganze akakohoa, ile kukohoa yake ya kutafuta sauti, akasema: "Chukua zile tatu. Na Jumatatu tunakwenda Nyangezi wote, na wewe pia, usiniambie uko na kikao."

"Nitakuja."

"Na ingine mara uniulize."

"Nitakuuliza."

"Hapana," akasema, "wewe hutauliza, ninakujua." Na hapo nikasikia anacheka, ile ya kweli, na mimi nikacheka, na réseau ikakatika. Bon. Sisemi kwamba hasira yake imeisha. Jumanne akifika tutazungumuza, na ninajua kuko maneno yenye nitayasikia nikiinamisha kichwa. Lakini atafika, na tutakuwa pamoja mu motokari, mu foleni, mu kile kiti cha kuzunguka, na yeye anaogopaka kupanda juu, sikumuambia bado gurudumu inafika wapi.

Niliita watoto, nikafungua fomu ya Espérance kujaza. Majina matano, nikaandika. Miaka ya kuzaliwa, nikaandika. Kisha wakauliza urefu wa kila mutoto, sababu kuko michezo yenye haipokee wafupi. Kitu rahisi. Nikatoa metre ya kushonea, nikawapanga watoto watatu ku mulango, Aganze akinung'unika, Nsimire akinyoosha shingo, Iragi akipanda ku vidole. Kabla ya kuanza nikamutumia Papa Aganze message, si ya kuomba ruhusa, ya kumuonyesha tu kwamba ninamwambia mambo: "Niko najaza fomu. Sasa ninawapima urefu."

Jibu ikakuja mbio. Bila shaka hakuwa ameshuka bado kilimani.

"Usipime. Urefu inangojewa mpaka lini?"

"Jumatano asubuhi."

"Basi niachie. Jumanne nikifika nitawapima mwenyewe, mumoja mumoja. Ninataka kujua."

Nilisoma mara tatu. Mimi ninapendaka fomu yenye imejaa. Nafasi tupu inaniwasha mikono. Lakini nimekunja metre, nimemuandikia Espérance: siku tatu, ndiyo, watu tano, na Jumanne iliyopita sikukuambia ukweli, unisamehe. Urefu utakuja nyuma.

Aganze na Nsimire walishatoka kwenda kucheza. Iragi amekataa kutoka ku mulango. Visigino viko ku mbao, kidevu juu, anasema anamungojea papa amupime. Nimemwambia papa anafika Jumanne. Akauliza mpaka Jumanne ni kulala mara ngapi.

Mara mbili, nimemwambia. Mara mbili tu.